Nusu ya Plasta

Asubuhi ile vipokezi vya Mzee Senkondo Mrutu vilikuwa vinaachia ovyo, nami nikakasirika kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenitukana.

Kazi yangu katika kituo cha homoni hapa Same ni kupima kuachia. Mgonjwa anatoa damu kijiko kimoja, mashine inazichuja seli za uvimbe zilizopotelea humo, kisha mimi natazama kwenye kioo jinsi homoni inavyokaa na kuondoka. Kila molekuli imetiwa mng'ao. Ikishika kipokezi, nukta inawaka, ikiachia, inazimika. Basi. Nimesoma miaka mingi ili nilipwe kukaa kwenye chumba cha giza nikitazama vinukta, na mama yangu kule Machame bado anawaambia watu kanisani kwamba mimi ni daktari wa macho.

Si jambo gumu kulielewa. Testosteroni ya mwili ikiingia kwenye seli hukutana na kipokezi chake, protini yenye shimo linaloitosha yenyewe. Ikishatumbukia, kipande cha protini hiyo hujikunja juu yake kama mfuniko wa chungu. Hapo kipokezi hushika DNA na kuanza kutoa amri: kua, tengeneza hiki, ongeza kile. Baada ya muda mfuniko hulegea, homoni hutoka, amri hukoma mpaka ije nyingine. Hivyo ndivyo kijana anavyoota ndevu, na hivyo hivyo ndivyo saratani ya tezi dume inavyonenepa.

Zamani tuliitibu kwa njaa. Tulizima homoni zote, uvimbe ukasinyaa, na mwenye uvimbe naye akasinyaa: misuli ikaisha, mifupa ikawa ya kuvunjika kwa kujikwaa tu, moyo ukapoa. Kisha seli za saratani, kwa kuwa zina njaa, zikajijengea vipokezi kwa maelfu ili zisipitwe na hata tone. Tamaa hiyo ndiyo iliyotupa Mkaaji. Mkaaji ni homoni ya kutengenezwa, na ikishakaa haiachii. Sasa seli ina sharti moja ambalo haina ujanja wa kulikwepa: kabla ya kugawanyika, lazima vipokezi viiachie DNA ipate kunakiliwa upya. Visipoachia, seli hujaribu kugawanyika hivyo hivyo na kuchanika. Tunaiua kwa shibe. Mgonjwa anabandika plasta moja yenye Mkaaji begani kila Jumapili, na badala ya kunyauka anarudi kuwa mtu.

Mzee Senkondo alirudi kuwa mtu kweli kweli. Mara ya kwanza mkewe alimshika kwapani kumpandisha ngazi zetu. Siku hizo alikuwa anazipanda peke yake, akifika juu ananitafuta kwa sauti: "Yuko wapi yule Mchaga anayeninyonya damu?" Wapare na Wachaga ni watani, hilo halina jipya, lakini yeye utani aliufanya kama ibada. Nilimpenda. Nalisema wazi ili ijulikane nilikuwa na akili gani siku ile.

Kwa hesabu ya jumla ya mashine, nukta karibu nusu zilikuwa zinawaka na kuzimika. Maana ya kawaida ya kitu hicho ni moja: kipokezi kimebadilika umbo, Mkaaji anateleza. Mgonjwa wa namna hiyo anatolewa kwenye mpango siku hiyo hiyo na nafasi yake anapewa anayesubiri. Plasta ni chache. Zinatokana na chachu tunayoilea kwenye matangi, na chachu hiyo ni mvivu kuliko mwanafunzi wa bweni.

Daktari Byabato, mkuu wetu, alichungulia mlangoni. "Aikande, yule mzee wa Ivuga vipi? Tumtoe?"

"Nipe mpaka Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Kuna mimi kuwa na uhakika."

Akaondoka. Nikarudia kipimo, safari hii kwa rangi mbili: nyekundu kwa Mkaaji, kijani kwa testosteroni ya mzee mwenyewe. Nukta nyekundu zikatulia tuli, hakuna hata moja iliyozimika. Zilizokuwa zinacheza ni za kijani tu, zimeingia kwenye mashimo ambayo Mkaaji alitakiwa awe ameyajaza zamani. Kwa hiyo vipokezi vilikuwa vizima kabisa. Dawa ndiyo ilikuwa haitoshi, na ilipungua kwa karibu nusu.

Nikafikiria plasta mbovu, nikafikiria jasho, nikafikiria mbuzi aliyeila. Wazo la kwamba mtu anaweza kuikata kwa mkasi halikunijia, maana mimi si mtu wa Ivuga.

*

Kesho yake nilipanda milima hadi kijijini kwao Ivuga kwa pikipiki ya umeme ya kituo, nikafika baragumu limeshalia. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, kijiji kizima kiko ndani ya ndiva kinazoa tope. Ndiva ni bwawa la mababu, la mawe na udongo. Linazibwa jioni, linajaa usiku, asubuhi mgawa maji anachomoa kizibo na kila shamba linapata zamu yake. Sasa zipo mashine za kukamua maji hewani, na watu wa Ivuga wanazo, wanazitumia kwa chai. Shamba wanamwagilia kwa ndiva.

Mgawa maji wao ni Mzee Senkondo. Nilimkuta kifua wazi, amebeba jiwe ambalo miezi michache nyuma lisingenyanyuka hata kwa maombi. Upande wa pili wa jiwe lile alikuwa ameshika mzee mwingine, mrefu, mweusi, mvi tupu kichwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Heh! Mchaga umepotea njia? Huku hakuna cha kununua uuze."

"Nimekuja kusikiliza kesi ya jogoo. Nimesikia umekata rufaa mara ya nne, Mpare wewe na kesi zako."

Tope lote likacheka. Akatua jiwe, akanitambulisha kwa mwenzake: "Huyu ni Mbonea Kallaghe. Shamba lake linapakana na langu. Tumechimba mfereji mmoja tangu hatujaoa."

Nikampa shikamoo naye. Alipoinama kuchukua shati lake nikaona bega lake la kushoto. Palikuwa na plasta yetu, ile ya rangi ya mchanga yenye mstari wa buluu, ila mstari ulikuwa umekatika katikati. Nikamgeukia Mzee Senkondo. Bega lake lilikuwa na nusu ya pili.

Sikuwa na utani tena.

"Wazee wangu," nikasema, "naomba twende nyumbani."

*

Mama Nanzia, mke wa Mzee Senkondo, alituwekea chai na mihogo, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakuuliza nimefuata nini. Nadhani alikuwa anangoja siku hiyo.

"Nani alikata?" nikauliza.

"Mimi," akasema Mama Nanzia. "Mkasi ni wangu."

"Niliyemtuma ni mimi," akasema Mzee Senkondo. "Usimtishe mke wangu. Mbonea ana ugonjwa ule ule. Alikuja kwenu, mkamwambia umri umepita. Kanizidi miaka miwili tu! Ningekaa pale ndivani nabandika dawa begani, namtazama mwenzangu ananyauka?"

"Na imemsaidia," akasema Mama Nanzia. "Watazame. Wote wawili walikuwa wa kulishwa uji. Leo wanabeba mawe."

Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wenyewe. Nusu plasta inatia nguvu. Misuli haiulizi mengi, ikipata amri inakua. Ningewaona barabarani ningedhani wote wamepona.

Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapo juu, kwa maneno ya nyumbani. Kwamba uvimbe una milango mingi, na Mkaaji lazima aijaze yote kwa wakati mmoja ndipo seli ikwame. Kwamba akijaza nusu, ile nusu nyingine inabaki na testosteroni ya kawaida, inayoshika ikaachia, ikashika ikaachia, na kila inapoachia seli inapata upenyo wa kugawanyika. Na amri za kukua zinatoka kote kote.

"Kwa hiyo mnachokula ninyi na uvimbe nao unakula," nikasema. "Nguvu hiyo mnayoisikia, saratani nayo inaisikia."

Mzee Mbonea akaweka kikombe chini. "Wote wawili?"

"Wote wawili, baba. Hamjaokoa hata mmoja."

"Ah, mtani," akasema Mzee Senkondo, "heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Safari hii nusu ndiyo shari kamili."

Nje kuku alikuwa anachakura, na watu wa ndiva walikuwa wanaimba. Nikamalizia lililobaki, maana kulikawiza kusingelipunguza. Kanuni ya kituo inasema anayegawa dawa anatolewa, na hakuna rufaa, hata kwa Mpare. Nikiandika nilichokiona, wote wanakosa. Nisipoandika, ipo plasta moja kwa wiki, nzima, inayotosha mtu mmoja.

"Tuombee nyingine," akasema Mzee Senkondo. "Wewe una mdomo."

"Nitaomba. Majibu yatakuja baada ya mavuno. Huyu hana mpaka mavuno, na wewe ukiendelea hivi huna pia."

Mama Nanzia akasimama. Aliongea taratibu, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta chini ya kitanda.

"Mwanangu, hilo sisi tunalo. Mwaka wa ukame ndiva haigawiwi. Maji kidogo ukiyapeleka mashamba mawili, mahindi yanaota majani, yanapendeza, na hayabebi. Tumeliona. Basi linamwagiliwa shamba moja mpaka likomae, na likivunwa wanakula wote. Mababu walilikata zamani. Sasa tunashindania nini? Iwe moja nzima, nzima!" Akamtazama mumewe, macho yamejaa matumaini. "Mbonea atatusamehe. Watoto wake tutawaangalia kama wetu."

Mzee Mbonea aliinamisha kichwa kukubali. Nami nikashusha pumzi, nasema ukweli. Mgonjwa wangu atapona, sitaandika kitu, na yule ambaye simjui atakufa kama ambavyo angekufa bila mimi. Nilikuwa tayari kulala na jambo hilo.

"Umesema vizuri, Mama Nanzia," akasema Mzee Senkondo. "Lakini umeikata sheria katikati kama plasta. Shamba la mgawa maji linamwagiliwa la mwisho."

Akamgeukia mkewe.

"Mwaka wa neema na mwaka wa ukame, mwenye kizibo anachota mwisho. La sivyo nani angemwamini mwenye kizibo? Mwaka ule wa njaa kubwa nilimwagilia shamba la Mbonea, langu likakauka, tukala kwake. Wewe mwenyewe ulikwenda na kikapu."

Mama Nanzia aliweka viganja viwili mdomoni. Alikuwa ameleta sheria kumwokoa mumewe, na sheria ikamgeukia mkononi. Sijapata kumwonea huruma mtu kama nilivyomwonea yeye saa ile.

"Haya ni mahindi?" akapaza sauti Mzee Mbonea. "Senkondo, haya ni mahindi? Plasta imetoka kwa jina lako!"

"Na maji yanatoka kwa jina la nani? Ya Mungu. Mimi nachomoa kizibo tu."

Nikaingilia. Nilisema hii si ndiva. Nilisema mimi nimeapa, na mgonjwa wangu ni mmoja, na huyu mzee mwingine hayumo kwenye orodha ya kituo. Nilisema kuna tofauti ya mtu kukataa dawa na mtu kumpa mwingine dawa, la kwanza ni haki yake na la pili ni kosa langu. Nilisema kwa sauti ya kikazi, ya puani.

Mzee Senkondo akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Ile seli mbaya uliyotueleza. Inakufa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu vipokezi vyake haviachii."

"Basi mimi naachia," akasema. "Usinilazimishe kufa kama ile."

Kisayansi neno lile halina mashiko hata kidogo, na ningeweza kumwambia hivyo. Nilianza kulia badala yake. Kwa kuwa utani ndiyo lugha pekee iliyokuwa imebaki mdomoni, nikasema, "Nitakuja kwenye matanga yako, nitachukua yule beberu wako mbele za watu, haki yangu ya mtani."

"Mchukue," akacheka. "Ni mkali. Atakurudisha kwenu Machame mbio."

Akanyoosha mkono begani, akabandua nusu yake. Iliacha alama nyeupe ya gundi kwenye ngozi. Mzee Mbonea akasogea nyuma, akagonga ukuta, akawa hana pa kwenda. Mzee Senkondo akambandikia kando ya ile nyingine, akazisawazisha kwa kidole gumba mpaka mistari miwili ya buluu ikakutana.

"Utazoea," akamwambia.

Mama Nanzia alitoka nje bila kutuaga.

*

Kabla sijashuka nilitoa damu ya Mzee Mbonea. Ijumaa niliiingiza kwenye mashine kwa namba ya Senkondo Mrutu.

Nimelifikiria tendo hilo sana na sijapata njia ya kulipamba. Kuripoti kungelinda kanuni na kuzika wawili. Kunyamaza kungezika mmoja, yule niliyempenda. Kanuni yenyewe si ya kijinga: saratani iliyoonja nusu dozi inaweza kujifunza, na mtu mmoja mwenye huruma anaweza kuharibu kazi ya kituo kizima. Byabato angenieleza hayo yote na angekuwa na haki. Kwa hiyo sikumpa nafasi ya kunieleza.

"Enhe, mzee wa Ivuga?" akauliza.

"Vipokezi ni vizima. Plasta ilikuwa inabanduka kwa jasho. Nimemrekebisha."

"Safi. Nilijua tu," akasema, naye alikuwa hajui lolote.

Wiki zikapita. Kila nilipopanda Ivuga nilishuka na damu ya Mzee Mbonea, na kila mara kioo kilizidi kuwa chekundu. Nukta za kijani zikapungua, zikawa za kutafuta, zikaisha. Seli zake zilijazwa hadi zikachanika, moja moja, kama vitabu vinavyosema. Yalikuwa matokeo mazuri kuliko yote niliyowahi kuona, na sikuweza kumwonyesha mtu.

Mzee Senkondo nilimrudisha kwenye vidonge vya njaa, vile vya zamani vinavyouzwa duka lolote la dawa. Vilimpunguzia maumivu, vikampunguza naye. Maombi ya plasta ya pili yalijibiwa mapema kuliko nilivyotabiri: nafasi zimejaa, jaribuni tena. Kizibo akamkabidhi mtu mwingine, kwa sababu mikono ilikuwa imelegea. Mama Nanzia alinipokea kila mara, akanipa chai, na hakuniita mwanangu tena. Sikumlaumu.

*

Mavuno yalipofika nilipanda tena. Mzee Senkondo alikuwa barazani amelala kwenye kiti cha kamba, amefunikwa shuka mbili juani. Uani kulikuwa na mafungu mawili ya mahindi, moja la kila nyumba. Mzee Mbonea alikuwa anayaleta kwa mgongo wake kutoka shambani kwake, gunia baada ya gunia, na kuyamwaga kwenye fungu la nyumba ile kwanza. Alikuwa na mabega ya mtu wa miaka arobaini. Alikuwa hanitazami usoni.

"Mtani," akaniita Mzee Senkondo kwa sauti ndogo. "Kwenye mashine yako mimi vipi?"

"Kwenye mashine yangu umepona kabisa."

"Ona! Na huyu mke wangu haamini."

Mama Nanzia aligeuka ukutani. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

Simu ya mzee ikalia kwenye mkeka kando ya kiti chake. Ilikuwa kituo. Msimu mzima ukipita bila nukta ya kijani, mgonjwa hupigiwa kuambiwa amemaliza. Hapigi mtu, inapiga sauti ya kutengenezwa, ya binti mwenye adabu zake. Mimi nilijua itapiga wiki hiyo. Sikujua itapiga nikiwa pale.

"Shikamoo Mzee Senkondo Mrutu," ikasema, kwa nguvu, uwanja mzima ukasikia. "Tunakupongeza. Vipimo vyako vinaonyesha umepona. Ili tufunge matibabu yako, tafadhali taja jina lako kamili na useme unavyojisikia leo."

Mzee Senkondo akaiokota simu kwa mikono miwili, maana mmoja haukutosha, akamnyooshea Mzee Mbonea.

"Yako hiyo."

Mzee Mbonea akatikisa kichwa. Gunia lilikuwa bado begani.

"Pokea, ndugu yangu. Mtoto wa watu anangoja."

Akatua gunia. Akapangusa mikono kwenye suruali, akaipokea simu na kuisogeza mdomoni. Binti wa simu akarudia maneno yake yote upya, na shikamoo yake, bila kuchoka.

"Marahaba," akasema Mzee Mbonea. "Ni mimi. Senkondo Mrutu." Alikuwa anamtazama mwenzake. "Sina maumivu. Nina nguvu. Nimebeba magunia tangu asubuhi."

"Asante, Mzee Senkondo," ikasema simu. "Tunakutakia maisha marefu."

"Amina," akaitikia Mzee Senkondo kutoka kwenye kiti.